Udhu wa Kila Sala
Mwaka 1997 babaangu alitolewa tezi dume yote hapa London. Kidonda kilipona vyema, na kipimo cha damu cha PSA kikashuka hadi hakisomeki. Lakini majibu ya maabara yalisema saratani imefika ukingoni mwa nyama iliyokatwa. Neno hilo, ukingoni, lilininyima usingizi.

Daktari hakutuficha kitu. Ama apigwe mionzi sasa, ama tungoje, damu ipimwe kila baada ya miezi michache, na mionzi ije PSA ikianza kupanda. Ipi bora? Jaribio kubwa la Ulaya lilikuwa limeanza 1992, majibu bado. Baba akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayewaelewa hawa. Waonaje?"

Nikasema sasa. Kungoja nilikuona sawa na kuuacha moto wa makumbi ufuke chini kwa chini.

Akaenda siku 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6. Walimtia vidoto vya wino nyongani ili mashine ilenge palepale, naye akataka kujua kama maji ya josho yatafika ngozini. Nikamwambia wino uko ndani ya ngozi, akatulia. Mionzi yenyewe haikumuuma. Wiki ya nne mkojo, ambao baada ya operesheni alikuwa ameshaanza kuuzuia, ukamtoka tena. Hakuweza kuuzuia tena maisha yake yote.

Baba alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Sasa akawa anasubiri wakati wa sala uingie, anabadili nguo, anatia udhu upya, kisha anasimama safu ya mwisho karibu na mlango. Kila sala, miaka 12. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo zito kwangu.

Majibu ya Ulaya yalipotoka 2005, mionzi ya mapema ilionekana kuchelewesha ugonjwa kurudi. Nilipumua. Lakini wengi wa waliongoja katika jaribio lile walichelewa mno kupata mionzi. Jaribio jingine, RADICALS, lililoanza 2007 na kushirikisha wanaume 1,396, liliwawahisha wengine mionzi, na wengine liliwangoja kwa macho: PSA ikifika 0.1, au ikipanda mara tatu mfululizo, mionzi inaanza. Septemba 2019 matokeo yakasomwa Barcelona. Baada ya miaka 5, PSA ilikuwa haijarudi kwa 85 katika kila 100 waliowahishwa, na 88 katika kila 100 waliongoja. Kitakwimu ni sawasawa. Takriban theluthi moja tu ya waliongoja ndio waliohitaji mionzi. Shida ya mkojo iliwazidi waliowahishwa. Wapo wagonjwa wa hatari kubwa ambao madaktari bado huwafikiria mionzi ya mapema; sijui kama Baba angehesabiwa miongoni mwao.

Alifariki 2009 kwa moyo, PSA yake haijapanda kamwe. Huenda mionzi ndiyo iliyoizuia, huenda hapakuwa na cha kuzuia. Mfuko wake wa msikitini ninao mpaka leo: msuli mmoja, suruali mbili za ndani, taulo dogo, zote zimekunjwa kwa mkono wake.