Daftari la mahudhurio nalo ni kipimo

Wadau, leo nataka tuongee kuhusu namba ambayo wazazi wa Nyasubi hawakuwahi kupewa.

Kwa wasiopafahamu, Nyasubi ni kata ya mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita mjini kwetu usiku na mchana, na vijana wa migodini wakipata hela wanakuja kuzitumia hapa. Ni mji wa wapita njia. Ugonjwa unaosafiri na watu haupati tabu kutufikia.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Kesho yake ikawa zamu ya vyuo. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikafunga begi nikarudi nyumbani kama wengine.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na namba mdomoni. Leo wameongezeka wangapi? Wamepona wangapi? Hata wazee wa kwenye bao walikuwa wanazijua. Halafu zikakata. Tarehe 3 Mei, Rais Magufuli akiwa Chato, hapo Geita kwa jirani zetu, alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimerudi na majibu kwamba zina korona. Baada ya hapo hesabu ya Tanzania ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ikakaa hapohapo zaidi ya mwaka!

Sasa njoo tarehe 29 Juni 2020. Shule zote zimefunguliwa. Getini kuna ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Watoto wengine wameshonewa barakoa za kitenge. Mzazi anamwacha mwanae pale, anaondoka zake. Anajua nini? Hajui kama mtaani kwake kuna mgonjwa mmoja au mia. Hajui kama mwalimu aliyekosekana wiki mbili anaumwa malaria au kitu kingine. Anachosikia ni "changamoto ya kupumua", basi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi shule zingebaki zimefungwa. Uganda wanafunzi wengi walikaa nyumbani karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022, na wapo ambao hawakurudi tena darasani. Huku kwetu kwenye machimbo tunajua mtoto wa kiume akikaa nyumbani mwaka mzima anakwenda wapi. Wa kike nako mnajua wenyewe. Kufungua ilikuwa sawa. Tatizo ni kufungua huku mmenyamaza.

Tazama Kenya. Oktoba 2020 walirudisha baadhi ya madarasa, na kabla mwezi haujaisha sekondari mbili za Mombasa, Star of the Sea na Tononoka, zikafungwa baada ya walimu kukutwa na virusi. Ilikuwa habari mbaya, lakini angalau ilikuwa habari. Mzazi aliyeisikia aliweza kuamua mtoto asiende kwanza kulala kwa bibi yake.

Najua kuna atakayesema vipimo ni ghali na maabara ziko mbali. Kweli kabisa. Siku zile za mwanzo sampuli ilisafirishwa mpaka maabara ya taifa Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa. Hakuna ambaye angepima darasa zima la watoto wa shule ya kata. Lakini mbona kila shule ina kipimo cha bure mezani? Daftari la mahudhurio! Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina, asiyekuwepo anawekewa alama. Ongeza safu moja tu ya sababu. Darasa la watoto 80 likiwa na wanne wanaoumwa kifua Jumatatu, na Ijumaa wakawa 19, unahitaji mashine gani kujua kwamba kuna jambo? Mwalimu anapiga simu zahanati, halafu anabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Jina la mtoto haliandikwi, ni namba tu. Hicho kipimo cha gharama kinapelekwa pale daftari linapoonyesha.

Nilimweleza wazo hili mwalimu mmoja aliyenifundisha shule ya msingi. Akacheka. "Mwanangu, nikibandika karatasi hiyo leo, kesho naitwa kujieleza." Sikumlaumu. Julai 2020 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Zilituhusu sisi waandishi na wenye blogu, lakini woga hausomi vifungu. Ulifika mpaka ofisi za walimu.

Kuna atakayeniuliza, korona si ilishapita, unaifukua ya nini? Ni kweli mengi yamebadilika. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021, takwimu zikarudi, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona si dharura tena. Lakini kumbuka Januari 2025. Tarehe 14 shirika hilohilo lilisema kuna dalili za Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais akatangaza kwamba mgonjwa amethibitika, Biharamulo. Wilaya hiyo ndiyo malori yaliyotoka Kahama yanapita kwenda Rusumo. Na Januari ni mwezi ambao watoto wetu wanafungua shule.

Siku sita si sawa na mwaka mzima wa kimya, tumepiga hatua. Ila mzazi wa Nyasubi bado anategemea tangazo litoke Dodoma ndipo ajue kinachoendelea kwenye darasa la mwanae, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwake.

Kwa hiyo ewe mzazi, kaka, dada, kwenye kikao kijacho cha shule, mkishamaliza kuongelea michango na chakula cha mchana, nyoosha mkono uulize hivi: mwezi huu ni watoto wangapi hawakuja kwa sababu ya kuumwa, na walikuwa wanaumwa nini? Daftari lipo. Mwalimu alifungue.