Siku Hizi Nachomoa Diski Kwanza

Zamani nikifunga seva, kipimo changu kilikuwa kimoja. Nilifungua faili la /proc/mdstat, na nikiona [UU] nilikusanya vifaa vyangu nikaaga. Herufi hizo mbili maana yake diski zote mbili ziko hai. Ndiyo RAID 1, mojawapo ya ngazi ambazo Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizieleza mwaka 1988: kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule.

Seva ya hospitali moja ya wilaya ndiyo iliyonigeuza. Diski ya kwanza ilikufa mchana, na hakuna aliyejua. Kumbukumbu za wagonjwa ziliendelea kufunguka kama kawaida. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, seva haikuwaka tena. Nilipoitwa asubuhi, foleni ilikuwa imefika nje, na dada wa mapokezi akaniuliza, “Fundi, si tuliambiwa diski ziko mbili?”

Zilikuwa mbili kweli, na ya pili ilikuwa na data yote, nzima kabisa. Lakini UEFI, programu inayoamka kwanza kwenye kompyuta, haiijui RAID ya Linux. Yenyewe hutafuta patisheni ndogo ya FAT, ile ya EFI, yenye GRUB, programu inayoipakia Linux, na hiyo ilikuwa kwenye diski iliyokufa peke yake. Maghala mawili, mlango mmoja.

Tangu hapo kila diski naipa patisheni yake ya EFI na GRUB yake, kisha kwa efibootmgr naziandikisha zote mbili kwenye orodha ya kuanzia. Nakala nyingine naiweka kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo UEFI huchungulia orodha hiyo ikifutika. Halafu naingia kwenye fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa seva ikiwaka, na kuziwekea patisheni hizo neno nofail. Bila neno hilo, systemd, inayoanzisha huduma za Linux, itaisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha iingie hali ya dharura na kukaa hapo mpaka mtu aje kwenye kibodi. Saa nane za usiku mtu huyo atatoka wapi? GRUB ikisasishwa, nahakikisha diski zote mbili zimepata toleo lilelile.

Baada ya hapo nazima seva, nachomoa diski ya kwanza, nawasha. Ikiwaka, naizima, nairudisha diski, naiunga tena kwenye RAID kwa amri ya mdadm, na kungoja mpaka [U_] au [_U] igeuke [UU]. Kabla ya hapo siigusi ya pili, maana wakati huo ndiyo pekee yenye data kamili. Ulandanishi ukiisha, ya pili nayo inapata zamu yake.

Wapo wateja wanaoshtuka kuona fundi anachomoa diski nzima kwenye seva mpya. Nawavutia kiti waangalie. Diski zikiwa kubwa, kungoja huko kunaweza kula siku nzima, nami naiandika siku hiyo waziwazi kwenye ankara. Asiyetaka kuilipia, simsainii hati ya makabidhiano.