Kalamu ya Msimamizi

Ndugu msomaji, huenda wewe si mpenzi wa tenisi. Wengi wetu hapa Arusha tuliujua mchezo huo kwa kuchungulia kupitia ua wa michongoma, tukiwatazama watu waliovaa nguo nyeupe wakirushiana kimpira. Hata hivyo nakuomba unisikilize, kwani nisemayo yaihusu nyumba yako kama yaihusuvyo yangu.

Mwaka 2024 mji wa Kigali uliandaa kwa mara ya kwanza Rwanda Challenger, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya daraja la pili kwa wanaume. Katika mchezo wa mmoja mmoja huingia wachezaji 32, nao hupungua nusu kwa nusu hadi raundi ya tano impate bingwa. Wanane walio bora hutenganishwa wasikutane mapema: wa kwanza huwekwa juu kabisa ya orodha, wa pili chini kabisa. Wengine hupangwa kwa kura. Mtu aweza kuvuka bahari, akaangukia mikononi mwa aliye bora kuliko wote siku ya kwanza, akafunga mizigo yake.

Utaratibu kama huo, kwa kipimo kidogo, ulitumika katika mashindano ya watoto aliyoingia mpwa wangu mwenye miaka 13. Alianza kwa kuokota mipira ya wakubwa, na raketi aliyopewa ilikuwa na nyuzi zilizoungwa kwa mafundo. Majina yalichotwa katika kofia mbele yetu sote. Mpwa wangu akapangiwa bingwa wa mwaka uliotangulia.

Dada yangu akanivuta kando. "Mdogo wangu, wewe ni mwandishi wa habari, wakubwa wanakufahamu. Hebu kazungumze nao."

Naona haya kukiri kwamba nilikwenda. Msimamizi, mzee mpole, hakukasirika. Aliigeuza karatasi ikanielekea, akanipa kalamu.

"Haya, bwana, mfute. Kisha uniandikie atakayewekwa mahali pake."

Nikayasoma majina yaliyobaki. Mmoja nilimfahamu: mama yake huuza ndizi katika soko la Kilombero, naye hana mjomba mwandishi. Nikairudisha kalamu.

Asubuhi ya pili yake, Mlima Meru ukiwa umejifunua wote bila wingu, mpwa wangu alifungwa seti mbili, 6-1 na 6-3. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumliwaza, lakini hakuyahitaji.

"Mjomba, seti ya pili nimechukua michezo mitatu," alisema huku akihema. "Umeona anavyobabaika nikimpelekea mpira mrefu upande wa kushoto?"

Njia nzima hadi Sanawari alinieleza namna atakavyomkabili kijana yule wakikutana tena. Mimi nilikuwa kimya, nikifikiri jinsi nilivyokaribia kumnyima somo hilo, na kumbebesha mtoto wa mwenzangu kipigo kisichokuwa chake.

Jioni dada aliniuliza, "Ulizungumza nao?"

"Nilizungumza nao," nikajibu.

Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Yote ndiyo haya, dada yangu, nawe unayasoma leo pamoja na wenzako. Uniwie radhi.

Nawe, ndugu msomaji, siku utakapopewa kalamu ile kwa ajili ya mwanao, iwe ni shuleni, kazini au uwanjani, yasome kwanza majina yote.