Gari Lililalo Uani: Usiku Mmoja Addis Ababa

Mnamo Januari 2024 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba haitaruhusu tena kuingizwa nchini magari madogo ya petroli na dizeli. Nilipofika Addis Ababa, mwenyeji wangu mtaani Bole aliegesha gari lake la umeme uani, akalichomeka ukutani mfano wa pasi.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuoka injera. “Jiko la injera na gari haviwashwi pamoja,” aliniambia, “waya zitaungua.” Umeme wa huko ni wa volti 220. Kwa ampea 10, gari likichajiwa muda wa saa 8 hupata kilowati-saa 17 hivi, zitoshazo mwendo wa kilomita 100 au karibu yake.

Usiku wa manane umeme ulikatika. Alfajiri mtoto wao alishikwa na homa kali. Niliingiwa na hofu, lakini baba aliwasha gari bila wasiwasi: kwao ni sheria kwamba betri isishuke chini ya nusu. Tulifika hospitali salama.

Basi, enyi mkaao katika nyumba za kambi, siku gari kama hilo litakapowafikia, mwiteni kwanza fundi akague waya. Kisha mkumbuke kuwa akiba haiozi.