Alipoanza Kukesha Usiku

Akina mama wenzangu, mwaka 2021 shemeji yangu hapa Bulyaga aliugua ugonjwa wa ini kusinyaa, tumbo likajaa maji. Dada alimwuguza vizuri, chakula bila chumvi kama tulivyoelekezwa. Kisha akaanza kulala mchana kutwa na kukesha usiku. Mikono ikatetemeka, akamwita dada kwa jina la mama yake. Majirani wakanong'ona kuwa amerogwa. Nami, muuguzi mzima, nikasema ni uchovu tu, apewe kidonge cha usingizi.

Asubuhi hakuzinduka.

Tulimkimbiza Mbeya, akalazwa na wagonjwa mahututi. Kumbe ini likishindwa kuchuja, sumu itokayo matumboni hupanda kichwani. Naye hakuwa amepata choo siku 4! Dawa ya usingizi ikazidisha. Walimpa laktulosi, dawa tamu kama sharubati, kwa mpira wa puani, mpaka akapata choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Siku ya 3 akaulizia migomba yake.

Sasa dada huandika choo chake katika daftari. Mayai na maharage hamnyimi, maana mwili ulikwisha kukonda. Kuhusu kile kidonge, shemeji bado hajui ni nani aliyekishauri.