Tumbo lililouma bandarini likapona chomboni

Msomaji mpendwa, watu wanaopanga safari na marafiki hujadili nauli hadi senti ya mwisho. Hujadili malazi, na hata nguo za kupigia picha. Chakula hakijadiliwi. Huchukuliwa kuwa jambo dogo litakalojipa lenyewe huko mbele ya safari. Kwa maoni yangu, hapo ndipo urafiki mwingi huingia doa, nami nitakueleza ni kwa nini.

Mnamo Januari 2023, sisi wanawake watano wa chama kimoja jijini Nairobi tulikodi jahazi kule Lamu kwa siku nne. Tulikuwa tumeweka akiba mwaka mzima. Akiba hiyo ililipia basi hadi Mokowe, mashua ya kuvukia, jahazi lenyewe, nahodha na mabaharia wake wawili, pamoja na chakula chote cha kupikwa chomboni. Kuhusu chakula cha nchi kavu, mpango wa chama ulisema kila mtu ajigharimie. Ukiusikia hivyo utasema ni mpango wa haki. Hata meli kubwa za watalii zinazotia nanga Mombasa hufuata utaratibu kama huo: abiria hula ndani kwa tiketi yake, na akishuka mjini hula kwa mfuko wake.

Sinia moja

Nianze na chomboni, maana huko ndiko tulikopata raha kamili. Jiko letu lilikuwa la makaa, limekaa ndani ya sanduku lililojazwa mchanga ili cheche zisiguse mbao. Baharia mmoja ndiye aliyekuwa mpishi. Aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi huku jahazi likiyumba, nasi tukishika kila kilichoshikika. Tui la kwanza aliliweka kando kwa ajili ya samaki. Tui jepesi ndilo lililopikia wali, kisha akaufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko mpaka harufu ikafika omoni.

Kaskazi ilikuwa ikituvumia usoni, kwa hivyo chombo kilikuwa kinabisha huku na huku kuelekea kisiwa cha Pate. Nahodha alifunga mshipi nyuma na kuuachia maji. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umemnasa kolekole wa kutosha watu wanane. Nusu yake ilichomwa na kupakwa tui, ndimu na pilipili, na nusu ikatiwa kwenye mchuzi. Msomaji, kama umewahi kula samaki aliyesafiri kwa barafu hadi Nairobi ukadhani umekula samaki, nakuhurumia.

Chakula kiliwekwa katika sinia moja kubwa, tukalizunguka sote, abiria na mabaharia. Nahodha alikuwa na sharti moja tu: hakuna mkono kuingia siniani mpaka wa mwisho awe ameketi. Mwenzetu mmoja, mdogo kwa umri kuliko sisi sote na mwalimu wa shule ya chekechea, alikula kwa furaha hadi mpishi akamwongezea ukoko bila kuombwa.

Nchi kavu nako kulikuwa na vyake. Lamu ni mji mkongwe ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, lakini mimi nitaukumbuka zaidi kwa mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi, na kwa mishkaki, viazi vya karai na maji ya ukwaju vinavyouzwa jioni kando ya bahari. Usiku ukiingia, kuna kahawa chungu katika vikombe vidogo, na kipande cha halua cha kuifuatia. Ukipita vichochoroni utaona mama ameketi kwenye kizingiti chake na sufuria ya vitafunio, na ni vigumu kupita bila kutia mkono mfukoni.

Ni huko nchi kavu ambako mwalimu wetu alianza kuugua tumbo. Jioni ya Lamu aliagiza chai ya rangi na andazi moja. Tuliposhuka Mtangawanda, ambapo vyombo vinavyokwenda mji wa Pate hushushia abiria, alisema kichefuchefu cha bahari hakijamwisha. Huko Siyu, baada ya kungoja maji yajae ndipo tukaingia kwa mkondo wa katikati ya mikoko, sisi tuliitembelea ngome kisha tukatafuta hoteli ya kula. Yeye alibaki nje akitazama viatu vya ngozi ambavyo mafundi wa mji huo wanasifika kwavyo. Hakununua.

Jioni hiyo tuliporudi chomboni na sinia kuletwa, alikula kama kawaida. Ndipo mkubwa wetu, muuguzi kwa kazi na mtu asiyejua kunong'ona, akauliza, "Hebu niambie, mwenzangu, ni tumbo gani hili linalouma nchi kavu na kupona baharini?"

Tulicheka sote isipokuwa mmoja. Kicheko kikakatika.

Mfuko mmoja

Ukweli ulitoka taratibu. Shule anayofundisha haikuwa imemlipa mshahara kwa miezi mitatu. Mchango wake wa chama alikuwa ameumaliza kabla ya hapo, kwa hivyo nafasi yake jahazini ilikuwa halali yake. Ila mfukoni alikuwa amebakiwa na nauli ya matatu ya kumfikisha nyumbani kutoka stendi, na shilingi chache za chai. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa njaa ilikuwa imeketi nasi meza moja ikiagiza chai ya rangi.

Muuguzi alitaka kutoa pochi papo hapo. Mwalimu akakataa katakata. "Dada, mimi sikuja kulishwa," alisema, na machozi yakamlengalenga. Nakuomba msomaji usimwone mwenye kiburi. Mtu mzima anayefanya kazi kila siku, halafu halipwi, heshima ndiyo mali aliyobakiwa nayo. Ukimnunulia chakula mbele ya wenzake unaweza kumshibisha tumbo na kumvunja moyo kwa mara moja.

Aliyetutoa katika tope hilo ni nahodha, aliyekuwa amejilaza kwenye tezi tukidhani amesinzia. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada zangu, sisi chombo kikirudi na pesa, kwanza tunatoa chakula. Kisha ndipo tunagawa mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia. Hakuna aulizaye nani alikula tonge ngapi. Chakula ni cha chombo, si cha mtu."

Hayo ndiyo aliyosema, akageukia upande wa pili. Hata hivyo, yalitosha. Kila mmoja wetu alitia katika mfuko wa kitambaa alichokuwa amepanga kulia katika siku zilizobaki. Mwalimu akatia shilingi zake za chai, na mfuko akakabidhiwa yeye, maana sokoni hakuna kati yetu amfikiaye kwa kupatana bei. Kesho yake tuliposhuka Faza, alinunua maembe, madafu na mikate ya kumimina, na chenji ikabaki. Tulikula chini ya mti, tukigawana kwa mikono. Tumbo halikumuuma tena. Hadi leo yeye hudai kwamba ana deni letu, nasi humjibu kwamba hatuna daftari lililoandikwa deni hilo.

Basi msomaji, likizo zinakuja na huenda wewe na wenzako mnapanga kwenda Mombasa, Kisumu ama hata ng'ambo. Uwe mtu wa kwanza kuuliza: tukishuka, tutakula vipi? Kadirieni milo ya njiani na ya mjini, muiingize katika mchango tangu mwanzo, ilipwe kidogo kidogo pamoja na nauli. Chagueni hoteli ambayo yule mwenye kipato cha chini zaidi ataweza kuagiza bila kusoma bei kwanza. Atakaye kamba wa bei ghali na awanunue siku nyingine, kwa pesa zake. Na mkiona mmoja wenu kila mara hana njaa, msimfanyie mzaha mbele ya watu kama alivyofanya muuguzi wetu, ingawa nia yake ilikuwa njema. Mwiteni kando.

Mchango wa chakula unaweza kuipandisha nauli kidogo, na pengine utalazimu safari isogezwe mbele mwezi mmoja au miwili. Isogezeni. Ni afadhali jahazi lichelewe kung'oa nanga kuliko kwenda na rafiki mwenye njaa.