Tumbo la kushoto likivimba kwa mtoto, si kila mara ni malaria

Mtoto akivimba tumbo upande wa kushoto, jibu la jirani huwa tayari: ni bandama, na bandama huletwa na malaria. Kwa mzazi wa Sigino, mjini Babati, jibu hilo halitoshi. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Manyara kwenye mikoa ambayo chini ya asilimia 1 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Malaria ipo, lakini haifai kusingiziwa kila uvimbe kabla ya kipimo.

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, hukaa chini ya mbavu za kushoto. Huchuja damu, huondoa chembe zilizochakaa na husaidia kupambana na vijidudu. Mara nyingi huvimba kwa sababu ya ugonjwa mwingine: malaria, selimundu, kichocho, homa ya matumbo, matatizo ya ini au saratani ya damu.

Mara chache sana, kitu huota ndani ya bandama yenyewe. Kinaweza kuwa mfuko wa maji, uvimbe wa mishipa ya damu uitwao hemanjioma, au hamatoma, ambayo ni tishu za bandama zilizojipanga vibaya. Hizi si saratani. Watoto wengi hawaonyeshi dalili, na uvimbe hugunduliwa wakipimwa kwa jambo jingine. Wengine hulalamika maumivu, hushiba haraka, huishiwa damu, au chembe sahani zinazosaidia damu kuganda hupungua.

Safari ya vipimo huanza kwa mkono wa daktari tumboni, picha nzima ya damu, kipimo cha malaria na cha selimundu. Hufuata altrasaundi, ambayo haina maumivu wala mionzi. Ikionyesha uvimbe, mtoto huweza kupewa rufaa hadi hospitali kubwa kama KCMC, Moshi, kwa picha za kina zaidi. Hata hivyo, wakati mwingine jibu la uhakika hupatikana baada tu ya uvimbe kutolewa na kuchunguzwa maabara.

Kugundulika na uvimbe si lazima kuwe na kisu. Ulio mdogo na usiosumbua huweza kufuatiliwa kwa altrasaundi za mara kwa mara. Ukiwa mkubwa, ukiuma, ukiharibu damu au ukitia shaka ya saratani, upasuaji huzungumzwa. Inapowezekana, madaktari huondoa sehemu yenye uvimbe na kuacha bandama iliyo nzima.

Sababu ya kuihurumia bandama ilionekana mwaka 1952, pale King na Shumacker wa Marekani walipoeleza watoto wachanga watano waliopata maambukizi makali baada ya kuondolewa kiungo hicho. Ndiyo maana kabla ya upasuaji mzazi aulize kuhusu chanjo za nimonia, homa ya uti wa mgongo na Hib, ambazo ni vyema zitolewe angalau wiki mbili kabla. Aende na kadi ya kliniki, kwa kuwa baadhi mtoto huenda alishazipata. Aulize pia kuhusu dawa za kinga. Na mtoto asiye na bandama akipata homa, hata usiku wa manane, hapewi panadol na kusubiri kukuche. Anapelekwa hospitali mara moja, na anaendelea kulala ndani ya chandarua.

Wakati wa kusubiri majibu, tumbo lisikandwe wala kuchanjwa chale. Bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi na kuvuja damu ndani, kwa hiyo mpira wa kugongana na kupanda miti viwekwe kando. Mtoto akianguka kisha akapauka, akatoka jasho jembamba au akasema bega la kushoto linauma, hiyo ni dharura.

Bibi akisema ni bandama, huenda kasema kweli. Kilichobaki ni kujua imevimba kwa nini, na hilo hujulikana hospitali.